Barua ya wazi kwa wakubwa wa afya Mombasa: mguu wa mdogo wangu hauna kliniki

Waheshimiwa mnaosimamia afya hapa kaunti ya Mombasa, na nyinyi wa wizara huko Nairobi mnaoandika miongozo,

Asalaam aleikum, na kwa wasioitikia hiyo, habari za kazi. Nawaandikia saa nane na nusu za usiku kutoka Likoni. Mdogo wangu amelala sebuleni kwenye mkeka, mguu wa kulia nimeupandisha juu ya mito miwili, na kila baada ya dakika chache unaruka wenyewe kama samaki alotolewa majini sasa hivi. Kulala nasema kwa adabu tu, macho kayafumba lakini ananisikia nikibonyeza simu. Mtaani wanamwita Chuma, kwa sababu ya chuma alichowekwa mguuni, na mimi nitamwita hivo hivo humu, jina la kitambulisho halina haja.

Chuma alikuwa teja. Nalisema mimi dadake mapema ili tusipotezeane wakati. Sai ana miezi kumi na moja kwenye methadoni, ile dawa ya kunywa kliniki inayomshikilia mtu asirudi kwa heroini, na hajagusa kete ya unga, yaani heroini yenyewe. Na ana maumivu ya mguu ya kila siku, yalianza kabla ya unga na yapo mpaka leo. Mambo hayo mawili yanaishi kwenye mwili mmoja, ila nyinyi mmeyajengea nyumba mbili, na mlango wa kutoka hii kuingia ile haupo, sisi ndo tunazunguka nje na fom mkononi.

Jumanne ilopita tulipanda feri mbili, matatu nne na tuktuk moja. Asubuhi kliniki, akanywa dozi yake, akamuonyesha nesi mguu umevimba una moto, nesi mtu mwema kabisa akasema hapa sisi hatutibu miguu, mpelekeni hospitali. Hospitali tukakaa laini kuanzia saa nne. Daktari alikuwa anauangalia mguu vizuri tu, anauliza inauma hapa ama hapa, mpaka Chuma mwenyewe kwa kutotaka kuficha akatoa ile kadi ya methadoni. Nilikuwa nimesimama karibu nikaona. Alikuwa na kalamu mkononi ashaanza kuandika, akaiweka chini. Akasema nyinyi mna dawa yenu kule, mimi siwezi kukuongeza, nenda wakuongeze dozi. Turudi kliniki, anaehusika na dozi kashatoka, aliebaki akatuandikia barua nzuri ya kuomba mgonjwa atibiwe maumivu, turudi tena hospitali, zamu imebadilika, yule mpya akasoma barua akacheka. Hakucheka kwa ubaya sidhani, alicheka vile mtu anacheka akichoka. Tukapewa brufeni kumi na mbili.

Sasa niwarudishe nyuma kidogo mana'ake najua kuna mtu anasoma hapa anasema si alijitakia.

Agosti 2021 Chuma alikuwa taniboi wa trela, kijana wa miaka ishirini na nne, anatoka kazini amebebwa na boda, pale Kibarani wakapitiwa na probox. Mwenye boda alichubuka tu. Chuma mfupa wa muundi ulitoka nje. Akafanyiwa operesheni, akawekwa chuma, akapewa tramadoli, vidonge vikali vya maumivu, za siku kumi na tarehe ya kurudi baada ya wiki sita. Siku kumi, halafu wiki sita. Hebu zitoeni hizo hesabu mnambie zile siku zilobaki katikati alitakiwa azitibu na nini. Alienda duka la dawa, akauziwa shiti moja bila kuulizwa cheti, wiki ya pili akauziwa tena, wiki ya tatu muuzaji alikuwa anamuona tu kwa mbali ashamkatia. Kidonge kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vinne, baada ya miezi alikuwa anameza kumi kwa siku na mguu bado unamuuma. Siku moja akaanguka chooni akatetemeka mwili mzima povu mdomoni, mama akasema ni kifafa, jirani akasema ni jini la baharini, akaletwa mwalimu akasomewa. Hakuna alietuambia kwamba tramadoli zikizidi zinaleta degedege, mimi hilo nimekuja kuambiwa miaka miwili baadae na nesi wa kliniki.

Pesa ikaisha, kazi hana, na maskani kuna rafiki yake akamwambia hizi kete zatoka rahisi kuliko hizo shiti zako na mguu hutausikia kabisa. Na kweli hakuusikia. Wallahi aliniambia mwenyewe, dada, siku ile ya kwanza nililala kama mtu. Hakutafuta raha yule. Alikuwa anatafuta usingizi.

Basi mwaka jana tukaamua kumkazia arosto, yale mateso ya mwili ukikatiwa unga, nyumbani, kama familia nyingi za hapa zinavofanya, kwa sababu aibu, na kwa sababu sobahausi, zile nyumba za kuachishia unga, ni pesa. Nitawaelezea siku hizo maana nahisi wengi wenu mwalijua neno arosto lakini hamujakaa nalo chumba kimoja.

Masaa ya mwanzo ni miayo. Miayo tu, mfululizo, mpaka machozi, halafu kamasi, utadhani mafua. Usiku wake jasho na baridi pamoja, leso nilomfunika ilikuwa yakamuka, na ngozi yake imetoka vipele kama kuku alonyonyolewa. Siku ya pili tumbo, juu na chini, nikawa namnywesha maji ya chumvi na sukari, lita moja ya maji yalochemshwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya sukari, kidogo kidogo kwa kijiko mana'ake akigugumia anatapika yote. Uji mwepesi kama utakubali. Watu wengi wanambana mgonjwa wa arosto ale ugali apate nguvu, mwacheni, maji ndo yatamuokoa.

Siku ya tatu ndo kilele, na hapo ndo nilipojua sisi tulikuwa tunapigana na vitu viwili tukidhani ni kimoja. Arosto inafanya miguu irushe mateke yenyewe, mtu halali, anarusha tu. Sasa wa kwake mmoja una chuma. Ulikuwa unarusha unagonga ukuta, na kila ukigonga anapiga ukelele mpaka majirani wakaja kubisha wakidhani twampiga. Nilikaa nimeukumbatia ule mguu kwa mikono miwili kuanzia saa tano usiku hadi adhana ya alfajiri, nauhisi unavochapa ndani kama una moyo wake. Na yale maumivu ya mfupa yalorudi hayakuwa yale ya zamani. Yalikuwa mara mbili. Baadae nikaelezwa kwamba mtu akitumia unga au tramadoli muda mrefu mishipa ya fahamu inazidi kuwa mikali, kitu kidogo kinauma kama kikubwa, na ukikata ghafla ndo inafunguka yote. Kwa hivyo alipokuwa analia mguu haikuwa maigizo ya kutaka kete, kama alivosema mjomba wetu mlangoni.

Na humo humo ndani kuna mama. Mama ana magoti, miaka kumi sasa, na yeye ana dawa zake za kweli za kuandikiwa. Nilizitoa kabatini nikazitia kwenye kopo la mchele, chini kabisa, kila saa ya dawa yake natumbukiza mkono kwenye mchele kama mwizi. Mama akawa anapunguza kuomba. Naona anashika ukuta kwenda msalani na hasemi kitu, ili nisiende kwenye kopo mbele ya mwanawe. Siku nyingine mkizungumzia mzigo wa familia kwenye semina zenu, andikeni hilo kopo.

Siku ya nne alfajiri nilipitiwa na usingizi, akatoka. Na gongo lake la kutembelea. Alirudi saa tatu ametulia, mguu umenyamaza.

Nilichokuwa sijui siku hiyo, na naomba kila mwenye ndugu ajue, ni kwamba ile ndo saa mbaya kuliko zote. Siku nne tano bila unga mwili ushasahau, akirudi kwa kipimo kile kile cha zamani pumzi inakata. Mtaani kwetu kijana alitoka kukaa wiki tatu soba, mamake kampikia biriani la kumpokea, Jumamosi tukamzika. Kuna dawa inaitwa naloksoni, inaamsha mtu ndani ya dakika chache, iko ya sindano na ya kupuliza puani, na haimlevyi mtu yeyote. Nguvu yake inaisha ndani ya saa moja na kitu hivi kwa hivyo hata akiamka bado mnakimbia naye hospitali. Mimi naitaka iwe ndani ya nyumba yangu, kwenye nyumba ya kila alie na mtu wa unga. Mama wa yule kijana angekuwa nayo. Hilo moja nimelimaliza.

Sasa methadoni. Nisije nikasomwa kama naibeza, hiyo dawa imenirudishia mdogo wangu. Kenya ilianza kuitoa Disemba 2014 kule hospitali ya Mathari Nairobi, mapema 2015 ikafika Malindi, sisi Mombasa ikatufikia baadae, na kabla ya hapo hakukuwa na kitu. Wa Pwani mnakumbuka mwisho wa 2010 kuingia 2011, unga ulivokauka ghafla baada ya msako, vijana wakawa wanagaragara vibarazani mchana kweupe. Bidhaa ilikatwa na dawa haikuwepo. Halafu 2014 mkailipua meli baharini na kilo zaidi ya mia tatu za heroini ndani yake, rais akiangalia, sote tukaona moshi kwenye TV, mimi hata nilipiga makofi. Moshi ni mzuri kwenye TV. Mguu hauonyeshwi.

Chuma sai anakunywa miligramu 85, kila siku, Jumapili na sikukuu, mbele ya nesi, kikombe kidogo, halafu anaongea neno moja ili waone amemeza. Arosto hana, hamu ya unga anasema imekuwa kama redio ya jirani, anaisikia lakini si yake. Lakini mguu. Klinikal ofisa mmoja siku alopata nafasi alinichorea kwenye karatasi. Akasema methadoni ina kazi mbili na saa zake si sawa, ile ya kuzuia arosto inashika siku nzima na zaidi, ile ya kutuliza maumivu inashika saa sita hadi nane basi. Nikasema kumbe. Chuma anakunywa saa mbili asubuhi. Saa tisa mchana ndo anaanza kuusugua mguu, kila siku saa tisa, miezi yote hii mimi nilikuwa nadhani ni jua. Kuanzia hapo mpaka kesho yake saa mbili ni masaa kumi na saba, mtu mwenye chuma kwenye muundi yuko na panadol zake, na panadol nazo ni nane tu kwa siku zile za 500, zaidi ya hapo ni ini, na ini za watu walojidunga nyingi zishapata homa ya ini. Ndo nikamuuliza yule ofisa sasa dawa ni nini. Akasema wenzetu mtu mwenye maumivu kama haya wanamgawia dozi, ile ile 85 haiongezwi, inakatwa mara mbili au tatu kwa siku. Nikasema basi mkatie. Akacheka akasema dada, kwa utaratibu wetu nyingine ataikunywa wapi?

Hapo ndo swali langu kwenu lilipo, waheshimiwa. Ataikunywa wapi?

Najua kwa nini inanywewa mbele ya nesi. Si mjinga. Dozi zikitoka mlangoni zitauzwa, na methadoni mtoto akiinywa hata kidogo ni kifo. Siombi makabati yafunguliwe. Lakini Marekani, ambao wana balaa la hizi dawa kutushinda, Machi 2020 korona ilipoingia waliruhusu mgonjwa alotulia apewe dozi za nyumbani hadi za siku 28, na baadae wakaifanya kanuni ya kudumu. Mimi sitaki siku 28. Nataka nusu kikombe cha jioni. Chupa moja, ya siku moja, iloandikwa jina, kwenye kisanduku cha kufuli na ufunguo kwangu, na kesho asubuhi chupa tupu nairudisha dirishani, nikiikosa mnifungie. Ama kama hamniamini sawa, hamnijui, basi wekeni nesi mmoja wa jioni kwenye zahanati ya upande huu wa maji, atoke alasiri magharibi amemaliza. Mana'ake kumwambia Chuma avuke feri mara mbili kwa siku ni kumwambia aache.

Nyinyi mnaopita kwa gari hamujui ule mteremko wa feri. Maji yakiwa yamekupwa unakuwa mkali kama paa la nyumba, watu wanakimbia nyuma yako kuwahi mbele, mikokoteni ya maji na ya mananasi inashuka na breki ya mguu, na yeye yuko na gongo pembeni anashikilia ile reli. Mguu mzima kwanza halafu gongo halafu ule wa chuma anauburuta. Mara mbili nimeona feri inapandisha lango sisi tuko hatua kumi. Akisimama kungoja ya pili ndo pale pale vijana wa maskani wanamuita, Chuma, waenda wapi na mguu huo, njoo tukupoze. Wanamuita kwa mapenzi. Hiyo ndo mbaya.

Na kuna kisa kingine cha hizi nyumba mbili lazima niwape. Mwezi wa sita wa methadoni daktari wa mifupa, sehemu nyingine kabisa, alimuandikia dawa ya maumivu ya mishipa, yale ya kuchoma kama umeme, kabamazepini. Dawa nzuri, haina ulevi, tulifurahi. Baada ya wiki moja hivi Chuma akaanza miayo. Kamasi. Jasho. Nikamvaa nikamwambia umerudia, nikamtukana matusi ambayo sitayaandika hapa, akaapa kwa msahafu hajagusa na mimi sikumuamini, nikamvua viatu nikamkagua mpaka soksi. Kliniki wakampima mkojo, safi. Ndo nesi akauliza kuna dawa nyingine anameza, nikatoa boksi, akashika kichwa. Kumbe ile dawa inafanya ini liichome methadoni haraka, dozi inaisha kabla ya wakati, mtu anaingia arosto na methadoni yuwanywa kila siku. Rifampisini ya TB nayo inafanya hivo hivo. Lakini ya TB mwaijua, ukiingia kliniki fom inakuuliza una TB, una virusi, mwaulizana vizuri sana. Kuhusu maumivu hakuna hata mstari. Watu wawili walosomea udaktari walikuwa wanamtibu mtu mmoja kwa muda wa wiki mbili na aliekuwa anajua dawa zote mbili ni mimi, nilieishia kidato cha nne, na mimi sikujua kama natakiwa kusema.

Sijamuomba msamaha vizuri mpaka leo. Nilimnunulia viatu.

Kwa hivyo kwenye ile fom yenu wekeni mstari. Unaumwa wapi, tangu lini, nani anakutibu, anakupa nini. Na hao wa idara ya dharura waambiwe kwa maandishi, maana wao huogopa na siwalaumu, kwamba mtu wa methadoni akivunjika au akipasuliwa au akivimba hivi, methadoni yake inaendelea kama kawaida na maumivu yanatibiwa juu yake kama ya mtu mwengine yeyote. Ile 85 ya asubuhi imezoeleka na mwili, haimfichi mtu na kidonda kipya. Daktari akiogopa kumzidishia, sawa, ampigie simu wa kliniki. Simu. Miaka hii yote bado karatasi ndo inatumwa na karatasi yenyewe inabebwa na mguu mbovu.

Kuna watu wa Coast Hospice hapa hapa Mombasa, hao lugha ya maumivu wanaijua kuliko nyote, wanatumia morfini ya maji kila siku kwa wagonjwa wa kansa na hawatetemeki. Kaeni nao. Mtu wao mmoja akija kliniki za methadoni asubuhi moja kwa wiki atafundisha wenzake mengi kuliko semina ya siku tatu ya hoteli ya Nyali. Na mtu wa fiziotherapi, hilo halihitaji hata kufuli wala sheria. Chuma alifanyiwa mara mbili tu tangu 2021. Mara mbili, na mara zote mbili alilala usiku.

Kuhusu tramadoli za madukani nina ombi na nina woga. Ombi ni muuzaji alomuuzia kijana shiti kila wiki bila cheti aulizwe. Woga ni kwamba nawajua, mtafanya msako, mtapiga picha na maboksi, halafu mama yangu mwenye cheti chake atazunguka maduka sita akirudi mikono mitupu, na yule mtoto wa jirani wa selimundu akishikwa na mifupa usiku atalia mpaka asubuhi. Yale ya 2011 tena. Mkifunga duka fungueni kliniki wiki hiyo hiyo, la sivyo mwawasukuma watu maskani kwa mikono yenu.

Na pesa. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, nyumba hii hatukulala, nilikuwa nahesabu ikikatika dozi leo, kesho kutwa ni miayo, siku ya tatu ni ule ukuta. Arosto ya methadoni wanasema haina makali ya haraka kama ya unga lakini inakaa wiki na wiki. Dawa ambayo mtu lazima anywe kila siku ya Mungu haifai kutegemea saini ya mtu ng'ambo. Iwekeni kwenye bajeti ya kaunti, kwenye mstari wake, tuuone. Katiba ya 2010 kifungu cha 43 kinasema kila mtu ana haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, hakijasema isipokuwa wa kutoka maskani, nimekisoma kwenye simu mara tatu kutafuta hiyo isipokuwa.

Najua mtajibu mambo yanashughulikiwa. Sawa. Faili lake ninalo mimi, kurasa arubaini na moja, eksrei mbili, barua ya Jumanne na kile kikaratasi alichonichorea klinikal ofisa, vyote viko kwenye mfuko wa unga, wa ngano, msishtuke. Anaetaka kuona nitamletea ofisini, ila iwe baada ya saa nne asubuhi mana'ake kabla ya hapo niko na mgonjwa.

Na kama mwataka kuja nyinyi, feri ya saa kumi na mbili na robo, upande wa kushoto wa mteremko, pale penye reli. Kesho tutakuwepo, kesho kutwa tutakuwepo, na Jumapili.

Mguu umeanza tena. Wacha nikaushike.

Dadake Chuma
Likoni, Mombasa